Tanuri Lisilo na Moto

Kwenye The Pearl, kisiwa kilichojengwa kwa mikono ya watu upande wa kaskazini wa Doha, joto halina rafiki. Kuanzia Juni mpaka Septemba wakazi hutoka kwenye lifti yenye ubaridi wakaingia kwenye gari lenye ubaridi, wakashuka mlangoni pa duka lenye ubaridi. Juani wanabaki mlinzi wa Kikenya aliyejibanza kwenye kivuli cha nguzo na mtunza bustani anayemwagilia maua kabla jua halijapanda. Tangu 2021 sheria ya Qatar inakataza kazi za nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, kati ya Juni 1 na Septemba 15, kwa sababu joto la saa hizo linaua.

Ubaridi wa kisiwa hiki unatoka mahali pamoja: kiwanda cha kupoza maji kilichofunguliwa 2010, chenye uwezo wa tani 130,000 za upoozaji, ambacho kilipozinduliwa kilitajwa kuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake duniani. Maji baridi husukumwa kwa mabomba hadi kwenye minara ya makazi, yakalizoa joto la vyumbani, yakarudi nalo kiwandani, na kutoka hapo joto likatemwa angani. Ni uhandisi wa kuheshimiwa, na anayeubeza hajawahi kulala Doha usiku wa Agosti umeme ukikatika.

Lakini kiasi cha kilomita 100 kutoka hapo, kaskazini-magharibi mwa Qatar, kwenye magofu ya mji wa Al Zubarah, kuna vyumba vilivyojengwa kwa fikra iliyo kinyume kabisa na hiyo. Mafundi wake hawakulifukuza joto. Walilikaribisha ndani, wakalifungia mlango, wakalipa kazi ya kufanya. Kazi yenyewe ilikuwa kukamua asali kwenye tende. Chumba cha namna hiyo huitwa madbasa, na asali inayotoka humo huitwa dibsi. Kwa jicho la haraka ni kijumba cha mawe chenye sakafu ya ajabu. Kwa jicho lenye subira ni mojawapo ya mashine nadhifu kabisa zilizowahi kujengwa katika Ghuba, mashine isiyo na gurudumu, wala kamba, wala moto.

Al Zubarah ulikuwa mji wa wafanyabiashara na wapiga mbizi wa lulu. Ulistawi kuanzia miaka ya 1760, pale watu wa makabila ya Utubi walipohamia huko kutoka Kuwait, ukatajirika kwa lulu na kwa shehena za majahazi. Mwaka 1811 ulishambuliwa ukachomwa moto. Waliorudi baadaye walikuwa wachache, na mwanzoni mwa karne ya 20 mji ukahamwa. Ngome inayopigwa picha na kila mgeni leo ilijengwa 1938, muda mrefu baada ya mji wenyewe kulala chini ya mchanga. Mchanga huo ndio uliouhifadhi. Kuanzia 2009 wataalamu wa makumbusho ya Qatar pamoja na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Copenhagen waliufukua kwa utaratibu, na mwaka 2013 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Katika ufukuaji huo madbasa zilijitokeza nyingi, katika nyumba za watu wa kawaida na katika majumba ya matajiri vilevile. Wala hazikuanzia hapo. Ng'ambo ya maji, kwenye Qal'at al-Bahrain, zimefukuliwa madbasa za zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na mpangilio wake fundi wa Al Zubarah angeutambua mara moja.

Tuanze na sakafu, kwa kuwa ndiyo roho ya chumba. Imepigwa plasta laini, na juu yake yamejengwa matuta membamba yaliyonyooka sambamba kama ya shamba la viazi, lakini kila tuta lina upana wa takriban kiganja tu. Kati ya tuta na tuta kuna mfereji. Mifereji yote inateremka upande mmoja, kidogo sana, kiasi kwamba mtu aliyesimama haoni mteremko wowote. Mwisho wake inakutana na mfereji mmoja unaopita mkingamo, na huo unaishia kwenye shimo lenye mtungi uliozikwa hadi shingoni. Chumba chenyewe ni kidogo, kuta zake nene, mlango wake mmoja na mdogo, na madirisha hayapo.

Kila kipimo hapo kina sababu. Tende zilizoiva na kukaukia mtini zilishindiliwa kwenye makanda ya majani ya mtende, makanda yakapangwa juu ya matuta, tabaka juu ya tabaka, mpaka karibu na dari. Kama sakafu ingekuwa bapa, makanda ya chini yangejibandika kwenye plasta na kukaa ndani ya asali yao wenyewe, na asali isingekuwa na njia ya kutokea. Tuta linalinyanyua kanda, mfereji unaipa dibsi barabara. Mteremko nao una mizani yake. Ukizidi, makanda yaliyorundikwa yanaelemea upande mmoja na rundo linaweza kuporomoka. Ukipungua, asali nzito inatuama njiani, inakusanya vumbi na kualika sisimizi. Fundi alipaswa kuupata mteremko huo kwa jicho na kwa maji ya kujaribia, akiwa na plasta inayoganda mikononi mwake.

Baada ya hapo mlango hufungwa, na wafanyakazi wawili wanaanza zamu. Wa kwanza ni uzito. Makanda ya juu yanakandamiza ya chini, na hakuna mtu anayekaza skurubu wala anayevuta mtaimbo. Wa pili ni joto. Tende iliyoiva sawasawa ina sukari nyingi mno, zaidi ya nusu ya uzito wake, na maji machache. Sukari hiyo ikiwa baridi ni nzito, haitembei. Ikipata joto inalegea na kuanza kutiririka. Ukuta mnene uliopigwa na jua kutwa unaendelea kutoa joto usiku, na chumba kisicho na dirisha hakiliachii. Ndani ya siku kadhaa tone la kwanza linaonekana mdomoni mwa mfereji. Kisha linakuja jingine. Kazi inaendelea kwa majuma, na mwenye nyumba hana la kufanya ila kuja kuchota mtungini.

Dibsi ya namna hii haijapikwa. Haijaungua, haijachanganywa na maji, na kwa sababu sukari yake ni nzito hivyo, vijidudu vinavyochachusha vyakula vinashindwa kuishi ndani yake. Inakaa mwaka bila kuharibika. Na kuna faida ya pili ambayo wageni wengi huipita: tende zilizobaki ndani ya makanda nazo zimebadilika. Zimebanwa zikawa gogo moja zito, zimepungua unyevu, hewa imetoka kati yake. Hicho ndicho chakula cha safari. Wapiga mbizi wa lulu walikuwa baharini takriban miezi minne ya kiangazi, kwenye mashua zilizojaa watu na zisizo na nafasi ya jiko kubwa. Mchana walikula kidogo sana, maana mtu hawezi kuzama akiwa ameshiba. Tende na kahawa asubuhi ziliwavusha mpaka wali na samaki wa jioni. Wali mtamu uliopikwa kwa dibsi na kuliwa na samaki, muhammar, bado unapikwa majumbani Bahrain na kwa majirani zake. Kisiwa cha The Pearl kimepewa jina kwa heshima ya lulu hizo, na kimejengwa kwenye maji yaliyokuwa ya wapiga mbizi. Lulu zilifika kwenye vidole vya matajiri wa Bombay na Paris kwa nguvu iliyotoka, kwa sehemu yake, kwenye chumba hiki chenye matuta.

Swali ambalo fundi yeyote wa pwani yetu ya Afrika Mashariki angeuliza ni hili: kwa nini hawakuwasha moto? Kukamua kwa kuchemsha ni haraka zaidi. Jibu liko nje ya mlango. Ukisimama Al Zubarah ukazungusha macho, huoni mti. Pande hizo ni changarawe, chumvi na vichaka vya kufika magotini. Kuni zilikuwa mali, na zilizopatikana zilihitajika jikoni. Jua halikununuliwa. Madbasa basi ni tanuri la watu waliokosa kuni, na kukosa huko ndiko kulikolichonga umbo lake.

Plasta yenyewe inasimulia habari hiyohiyo. Mafundi wetu wa Lamu, Pate na Unguja walijenga kwa chokaa: mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya rundo kubwa la magogo, moto unawashwa, na jiwe halikubali kuwa chokaa mpaka joto lifikie karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Kwa mtu mwenye mikoko na misitu, hilo linawezekana. Qatar haikuwa na magogo hayo. Fundi wake alitumia jasi, jiwe jeupe ambalo likichomwa kwa nyuzi 150 hivi tu linaachia maji yake, likasagika kuwa unga, na unga ukikutana na maji tena unarudi kuwa jiwe kwa dakika chache. Hilo jambo la dakika chache ndilo linalonifanya nimvulie kofia aliyejenga matuta yale. Chokaa inamsubiri fundi: anaweza kuipiga, kuisugua, kuirudia kesho. Jasi haimsubiri mtu. Unachanganya kiasi kidogo, unakimwaga, unakivuta kwa mwiko na kwa kiganja, na kabla hujamaliza kukiangalia kimeshaganda. Kunyoosha tuta la urefu wa chumba kwa mtindo huo, kipande baada ya kipande, bila kiungo kuonekana na bila mteremko kupotea, kunataka mkono ulioshaharibu sakafu nyingi ukiwa bado unajifunza.

Jasi ina udhaifu wake: maji huila polepole, na chumvi ikiingia ndani humegua uso wake. Ndiyo maana sakafu zilizofukuliwa Al Zubarah haziachwi hivihivi. Nyingine zimefunikwa tena mchanga baada ya kupimwa na kuchorwa, na kuta zinapakwa plasta mpya ya kujitolea mhanga, ile itakayoliwa na upepo na chumvi badala ya ile ya kale. Ni kazi isiyoisha, inayorudiwa msimu baada ya msimu, na haina sherehe ya ufunguzi.

Juu ya vichwa vya mafundi hao kulikuwa na kitu ambacho msomaji wa pwani anakifahamu vizuri. Nyumba nyingi za kale za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizokatwa Lamu na Rufiji, zikapakiwa kwenye majahazi yaliyoondoka na kusi. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba: mita 3 hivi, basi. Majahazi hayohayo yalikuja kwetu na kaskazi yakiwa yamebeba tende na chumvi. Kwa hiyo mkono uliokata mkoko kwenye matope ya delta ulikuwa na fungu katika vyumba vya Ghuba, na mtoto wa Mombasa aliyetafuna tende wakati wa Ramadhani alikuwa akila malipo ya mti huo.

Ukitaka kuiona akili ya madbasa vizuri zaidi, ipeleke mahali ambapo mambo yote yamegeuka. Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, wakulima walikuwa na kuni na makaa tele lakini jua halikuwa la kutegemewa. Zao lao lilikuwa hopsi, ua la mmea unaopanda kwenye nguzo, ambalo huipa bia uchungu wake na kuifanya idumu. Hopsi huvunwa Septemba, likiwa na maji kiasi cha asilimia 80, na lisipokaushwa haraka linavunda. Kwa ajili yake walijenga majumba ya kukaushia ambayo bado yanaonekana mashambani: mnara wa matofali, wa duara au wa mraba, wenye paa lililochongoka, na kwenye ncha kofia nyeupe ya mbao inayozunguka na upepo.

Chini kuna moto. Juu yake, mita kadhaa, kuna sakafu ya vipande vya mbao vilivyoachana, imetandikwa kitambaa kilichofumwa kwa nywele za farasi, kigumu cha kutosha kubeba mzigo na chepesi cha kutosha kupitisha hewa. Hopsi hutandazwa hapo. Hewa moto inapanda, inapita katikati ya maua, inabeba unyevu, na paa lile lililochongoka linaifanya ikimbie kuelekea juu. Ile kofia si pambo. Kila upepo unapobadilika inageuka na kuupa mgongo, ili mvuke utoke upande uliokingwa na usirudishwe ndani. Mkaushaji alilala humohumo msimu mzima, juu ya magunia, akiamka usiku kuongeza makaa. Hakuwa na mita ya unyevu. Alichukua ua, akalisugua kwenye viganja, akalisikiliza linavyovunjika, akalinusa. Akiliacha muda mrefu, mafuta yanayotoa harufu yanapotea. Akilitoa mapema, gunia zima linaoza kabla ya Krismasi. Leo mengi ya majumba hayo ni makazi ya watu, na ghorofa ya moto imekuwa sebule.

Ukiyaweka pamoja, mnara wa Kent na chumba cha Al Zubarah ni ndugu waliolelewa na mama tofauti. Mmoja unataka hewa ipite, mwingine unataka hewa isitoke. Mmoja umefunguliwa juu, mwingine umeteremkia chini. Lakini katika yote mawili jengo lenyewe ndilo chombo cha kazi. Ukibomoa paa la Kent au ukisawazisha sakafu ya Al Zubarah, hujaharibu nyumba ya kuwekea kifaa, umevunja kifaa.

Sisi tuko katikati ya hao wawili. Pwani ya Afrika Mashariki ina jua, lakini ina mvua pia, na mvua haiangalii kalenda ya mkulima. Karafuu za Pemba zinaweza kuanikwa kwenye majamvi zikakauka kwa siku chache za jua kali, na mkulima anachohitaji ni macho ya kuangalia mawingu na watoto wa kukimbia kuzianua. Nazi ni kazi nyingine. Nyama yake mbichi ina maji karibu nusu ya uzito, na mbata nzuri inatakiwa ibaki na asilimia 6 hivi. Jua peke yake linachukua siku nyingi, na wingu moja la siku mbili linatosha kuiotesha ukungu. Ndiyo maana kwenye mashamba ya minazi, Mafia na kwingineko, utakuta tanuri la mbata: shimo au ukuta mfupi wa mawe, chanja juu yake, na paa la makuti juu ya chanja.

Watu wasiolijua hudhani kazi kubwa ni kuwasha moto. Kazi kubwa ni kuuzuia. Ukizidisha joto, nyama ya nazi inakauka ngozi ya juu na kujifunga, maji yakabaki ndani yakitafuta njia. Wiki mbili baadaye unapasua kipande kizuri cha rangi ya maziwa unakuta katikati pameoza. Ukitumia makumbi yenye moshi, mbata inakuwa nyeusi na mnunuzi anapunguza bei. Kuni bora ni vifuu, na mafundi wa Sri Lanka wana namna ya kuvipanga inayostahili kutazamwa polepole. Kifuu kinachomekwa ndani ya kifuu, kama kilivyo, mpaka ukapatikana mstari mrefu chini ya chanja, kisha mstari wa pili kando yake. Moto unawashwa ncha moja tu. Kifuu cha kwanza kinaungua kikakiachia cha pili, cha pili kikakiachia cha tatu, na moto unatembea wenyewe chini ya nazi kwa saa kadhaa, mdogo, bila moshi wa kutisha, bila mtu kuugusa. Anayetaka joto zaidi anaongeza mstari. Anayetaka kulala anapanga mstari mrefu zaidi. Saa, kipimajoto na mkaushaji, vyote vimo kwenye mpango wa vifuu.

Na wapo ndugu zetu wa Oman, hasa watu wa Sharqiyah, Ibra na Bidiya, ambako katika nyumba nyingi Kiswahili kilirudi pamoja na waliorudi kutoka Unguja. Huko kuna tende iitwayo mabsali ambayo haingojwi iive. Inakatwa mwishoni mwa Juni na Julai ikiwa bado ngumu na ya manjano, inachemshwa kwa muda mfupi katika masufuria makubwa ya shaba yaliyojengewa juu ya tanuri la kuni za mtende, kisha inatandazwa juani siku kadhaa mpaka ikakunjamana na kukauka. Wateja wake wa miaka mingi wako India. Moto hapo haukaushi. Unasimamisha kuiva, na jua linamalizia. Madbasa nazo zimo katika ngome za nchi hiyo. Jumba la Jabrin, alilolijenga Imamu Bil'arab bin Sultan al-Ya'rubi katika miaka ya 1670, lina ghala la tende lenye mifereji ya kukusanyia asali, na ngome ya Nizwa, iliyojengwa na baba yake, ina lake. Hapo waongoza watalii husimulia jinsi dibsi ilivyochemshwa na kumwagiwa adui aliyefika mlangoni. Ndugu wa Bil'arab, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698.

Tukizipanga hizi zote, tunaona kwamba hakuna jengo lililonakili jingine. Al Zubarah walikosa kuni, wakajenga chumba kinachotunza jua. Kent walikosa jua, wakajenga bomba la kupandishia moto. Pwani yetu haikukosa kimoja wala kingine bali ilikosa hakika ya kesho, ikajenga tanuri la akiba chini ya makuti. Sharqiyah walikuwa na jua na kuni, lakini soko lao liko ng'ambo ya bahari, wakagawa kazi kati ya vyote viwili. Fundi mzuri huanza kwa kuhesabu kisichokuwepo.

Hesabu hiyo ina kazi hata leo, na si makumbusho peke yake inayoihitaji. Nenda kwenye madiko ya dagaa Unguja, msimu wa giza, uone samaki wakichemshwa kwa maji ya chumvi kwenye masufuria makubwa na kuanikwa juani kabla ya wanunuzi kuwapeleka mpaka Kongo. Hatua ni zilezile za mabsali: moto kwanza, jua baadaye. Mvua ikinyesha siku ya pili, mzigo unaharibika, na mwanamke aliyekopa fedha ya kuni anabaki na deni na harufu. Mara kwa mara anapelekewa suluhisho lililobuniwa mbali, kikaushio cha vioo na feni na betri, ambacho kinafanya kazi vizuri mpaka feni inapokufa, kisha kinageuka kuwa mahali pa kufugia kuku.

Sikatai feni, kama nisivyokikataa kiwanda cha maji baridi cha The Pearl. Nasema tu kwamba aliyejenga madbasa alianza na maswali matatu ambayo bado hayajachakaa. Ni joto gani nililonalo bure? Ni kipi kitakachonikosesha usingizi, maji au moto au hewa? Na ukuta, sakafu na paa vinaweza kufanya kiasi gani cha kazi kabla sijanunua kitu chochote? Mtu anayemjengea mchuuzi wa dagaa kibanda cha kukaushia akiyajibu hayo kwa unyoofu, huenda akaishia na ukuta mnene uliopakwa rangi nyeusi, sakafu iliyoinama kidogo ya kutolea maji, na paa lenye tundu upande usiopigwa na upepo. Kitakuwa kitu cha bei nafuu, kinachotengenezeka na fundi mwashi wa kijijini, na kikiharibika kitarekebishwa na fundi huyohuyo kesho yake asubuhi.

Anayepita Qatar akapata nafasi ya kutoka mjini, afike Al Zubarah asubuhi na mapema, kabla jua halijakaza. Ngome ataiona tu, haikwepeki. Aiache kidogo, ashuke kwenye mji uliofukuliwa, aombe aonyeshwe madbasa, achuchumae mahali anaporuhusiwa na alinganishe jicho lake na usawa wa matuta. Kutoka juu mteremko hauonekani. Ukichuchumaa unauona, na ukishauona unajua kwamba mtu fulani alichuchumaa hapohapo kabla yako, jasi ikimgandia vidoleni, akapima mara moja na akapatia.